Makauboi Weusi waimbaji

Makauboi Weusi waimbaji walikuwa waigizaji na wanamuziki Wamarekani Weusi waliocheza filamu za kauboi zenye nyimbo ndani yake, hasa kati ya mwaka 1937 na 1947. Filamu hizo zilitengenezwa kwa ajili ya watazamaji Weusi wa Marekani, wakati sheria na desturi za ubaguzi wa rangi ziliwatenga na Wazungu hata ndani ya majumba ya sinema. Anayejulikana kuliko wote ni Herb Jeffries, mwimbaji wa jazz aliyecheza kama shujaa katika filamu nne kati ya mwaka 1937 na 1939, kisha akawa mwimbaji wa bendi ya Duke Ellington.

Idadi ya filamu hizo ni ndogo na gharama zake zilikuwa za chini. Hata hivyo zina nafasi yake katika historia ya sinema, kwa sababu zilimwonyesha mtu Mweusi akiwa shujaa mpanda farasi wakati Hollywood ilimpa kazi za utumishi na uchekeshaji tu. Pia zilikumbusha jambo lililokuwa limefutwa katika filamu za kawaida, yaani kwamba makauboi Weusi walikuwepo kweli.

## Usuli: makauboi Weusi wa kweli

Kauboi ni mchunga ng'ombe mpanda farasi wa magharibi mwa Marekani. Kazi hiyo ilistawi hasa baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe (1861–1865), pale makundi makubwa ya ng'ombe yalipokuwa yakiswagwa kutoka Texas kuelekea vituo vya reli vya Kansas, kama vile Abilene na Dodge City. Kutoka huko yalipakiwa kwenye treni na kupelekwa kuuzwa katika miji ya kaskazini na mashariki.

Kabla ya vita hiyo, sehemu kubwa ya kazi ya kuchunga mifugo huko Texas ilifanywa na watumwa wenye asili ya Afrika. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengi wao walikuwa tayari na ujuzi wa farasi, kamba ya kitanzi na ng'ombe, nao wakaajiriwa kwa mshahara. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba takribani mmoja kati ya makauboi wanne alikuwa Mweusi. Wengine wengi walikuwa Wameksiko, ambao ndio waliowafundisha Wamarekani sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Baadhi yao majina yao yamehifadhiwa:

* Nat Love (1854–1921) alizaliwa mtumwa huko Tennessee, akawa kauboi, na mwaka 1907 alichapisha kitabu cha maisha yake.
* Bose Ikard alizaliwa mtumwa na baadaye akawa msaidizi aliyeaminiwa sana na mfanyabiashara wa ng'ombe Charles Goodnight. Alifariki mwaka 1929.
* Bass Reeves alikuwa afisa wa serikali kuu aliyewakamata wahalifu katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma.
* Bill Pickett (1870–1932) alipata umaarufu kwa mtindo wake wa kuruka kutoka juu ya farasi, kumshika fahali pembe na kumwangusha chini.

Uimbaji nao ulikuwa sehemu ya kazi halisi. Waliokuwa na zamu ya usiku walizunguka kundi wakiimba polepole ili ng'ombe wasishtuke na kutimka gizani. Mwaka 1910 mkusanyaji wa nyimbo John Lomax alichapisha kitabu cha nyimbo za makauboi. Lomax alieleza kwamba wimbo wa "Home on the Range", ambao leo ni miongoni mwa nyimbo za kauboi zinazojulikana zaidi, aliuchukua kwa Mmarekani Mweusi mwenye baa huko San Antonio, aliyewahi kuwa mpishi katika safari za kuswaga ng'ombe.

Pamoja na hayo yote, filamu za kauboi zilipoanza, karibu makauboi wote walioonyeshwa walikuwa Wazungu. Picha hiyo ndiyo iliyosambazwa duniani kote. Hata katika Afrika, vijana wa Léopoldville (leo Kinshasa) waliojiita "Bills" katika miaka ya 1950 waliiga mavazi na mwendo wa makauboi Wazungu waliowaona kwenye sinema.

## Sinema katika enzi ya utengano

Katika majimbo ya kusini, Wamarekani Weusi hawakuruhusiwa kukaa pamoja na Wazungu katika sinema. Palikuwa na njia tatu za kutazama filamu. Ya kwanza ilikuwa kuingia kwa mlango wa pembeni na kukaa ghorofani, mbali na Wazungu. Ya pili ilikuwa kusubiri maonyesho ya usiku wa manane, baada ya Wazungu kuondoka. Ya tatu ilikuwa kwenda katika majumba ya sinema yaliyotengwa kwa ajili ya Weusi peke yao.

Kwa watazamaji hao zilitengenezwa filamu maalumu zenye waigizaji Weusi. Baadhi ya watengenezaji wake walikuwa Weusi na wengine Wazungu walioona kwamba hapo pana soko. Kampuni ya Lincoln Motion Picture Company, iliyoanzishwa mwaka 1916, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kumilikiwa na Weusi. Mwandishi na mwongozaji Oscar Micheaux, ambaye mwenyewe aliwahi kulima shamba huko South Dakota, alitoa filamu ya *The Homesteader* mwaka 1919 kuhusu mkulima Mweusi katika nchi ya magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Richard Norman ya Jacksonville, Florida, ilitoa *The Bull-Dogger* na *The Crimson Skull*, ambamo Bill Pickett aliyetajwa juu alionekana mwenyewe.

Filamu hizo zote zilikuwa bubu. Kauboi Mweusi alikuwa bado hajasikika akizungumza wala akiimba.

## Kuzuka kwa kauboi mwimbaji

Filamu zenye sauti zilienea baada ya mwaka 1927. Watengenezaji wa filamu za bei nafuu waligundua mapema kwamba wimbo ni njia rahisi ya kujaza dakika za filamu. Pambano la farasi na bunduki lilihitaji watu wengi, wanyama na muda. Wimbo ulihitaji mwimbaji mmoja, gitaa na moto wa kuni. Aidha, mwimbaji aliyekwisha kujulikana redioni au kwenye santuri alileta mashabiki wake sinema.

Mwaka 1935 Gene Autry alicheza *Tumbling Tumbleweeds*, na mafanikio yake yalianzisha wimbi zima. Roy Rogers alimfuata mwaka 1938. Watoto wa Kimarekani, Weusi kwa Wazungu, walizipenda filamu hizo. Tofauti ni kwamba mtoto Mweusi alimshangilia shujaa asiyefanana naye, tena mara nyingi akiwa amekaa kwenye viti vya ghorofani alikotengwa.

## Herb Jeffries

Herb Jeffries alizaliwa Detroit, Michigan, tarehe 24 Septemba, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1913. Mama yake alikuwa na asili ya Ireland. Kuhusu baba yake, Jeffries alitoa maelezo tofauti kwa nyakati tofauti. Aliwahi kusema kwamba ukoo huo ulichanganya asili za Sicily, Ethiopia na Wamoor. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi kwamba angeweza kuishi kama Mzungu, na ni wazi kwamba katika Hollywood ya wakati ule njia hiyo ingemfungulia milango mingi. Katika kazi yake ya muziki na filamu alichagua kujitambulisha kama Mweusi.

Alianza kuimba Detroit akiwa kijana, kisha akahamia Chicago. Huko aliimba na bendi ya mpiga piano Earl Hines katika ukumbi wa Grand Terrace, na mwaka 1934 alirekodi nayo. Bendi hiyo ilipozunguka majimbo ya kusini, Jeffries aliona kwa macho yake sinema za Weusi zilizojaa watu wakitazama makauboi Wazungu. Kwa maelezo yake mwenyewe, hapo ndipo alipopata wazo la filamu yenye kauboi Mweusi, ili watoto hao nao wapate shujaa wao.

Wazo hilo alilipeleka kwa Jed Buell, mtayarishaji Mzungu wa filamu za bei nafuu. Buell alikubali. Jeffries alikuwa na vitu vitatu vilivyotakiwa: alijua kupanda farasi, alikuwa na sura ya kuvutia na alikuwa na sauti. Tatizo lilikuwa rangi yake, kwani ilihofiwa kwamba kwenye picha ataonekana Mzungu. Kwa hiyo alipakwa vipodozi vya kuitia ngozi weusi zaidi, na kofia yake ikawa haivuki kichwani.

## Filamu za Herb Jeffries

### Harlem on the Prairie (1937)

Jina la filamu hii maana yake ni "Harlem katika mbuga za nyasi". Iliongozwa na Sam Newfield, na hutajwa kuwa filamu ya kwanza ya kauboi yenye sauti na nyimbo ambayo waigizaji wake wote walikuwa Weusi. Pamoja na Jeffries walikuwemo Spencer Williams, Flournoy Miller, Mantan Moreland na Connie Harris.

Hadithi yake haihusiani na Harlem, mtaa maarufu wa Weusi mjini New York. Neno hilo liliwekwa katika jina kama ishara. Mtu aliyepita mbele ya sinema na kuliona kwenye bango alielewa mara moja kwamba filamu hiyo ni ya Weusi.

### Filamu tatu za Bob Blake

Baada ya hapo Jeffries alicheza filamu tatu zilizoongozwa na Richard C. Kahn, akiwa kauboi aitwaye Bob Blake mwenye farasi aitwaye Stardusk:

* *Two-Gun Man from Harlem* (1938), ambamo Jeffries anacheza watu wawili. Bob Blake anasingiziwa mauaji, kisha anajifanya jambazi anayefanana naye ili aufichue ukweli.
* *The Bronze Buckaroo* (1939), ambamo Bob Blake na wenzake wanamtafuta rafiki yao aliyetoweka, na kugundua kwamba kuna mtu anayetaka kuinyakua ranchi yake kwa sababu ya dhahabu. Jina lake, ambalo maana yake ni "kauboi wa rangi ya shaba", lilibaki kuwa jina la utani la Jeffries maisha yake yote.
* *Harlem Rides the Range* (1939), ambayo inahusu mgodi wa radi, madini yenye thamani kubwa wakati huo. Hadithi yake iliandikwa na Spencer Williams pamoja na Flournoy Miller, na wote wawili waliigiza ndani yake.

Kila moja ina urefu wa takribani saa moja. Katika filamu hizi alionekana pia Clarence Brooks, ambaye zaidi ya miaka 20 nyuma alikuwa miongoni mwa walioanzisha Lincoln Motion Picture Company. Hivyo kizazi cha filamu bubu na kizazi cha kauboi mwimbaji vilikutana katika picha moja.

### Ranchi ya Murray

Sehemu ya filamu hizi ilipigwa katika ranchi ya Nolie na Lela Murray huko Apple Valley, katika jangwa la Mojave, California. Akina Murray walikuwa mke na mume Weusi, na ranchi yao ilikuwa mahali pa mapumziko ambapo wageni Weusi walipokelewa bila kufukuzwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida siku zile. Bingwa wa ndondi Joe Louis alikuwa mmoja wa wageni wake. Ranchi hiyo ilifaa kwa utengenezaji wa filamu kwa sababu ilikuwa na farasi, majengo na mandhari kamili, na pia kwa sababu waigizaji waliweza kulala palepale.

## Muziki

Ingawa Jeffries alitoka katika bendi ya jazz, nyimbo alizoimba akiwa Bob Blake ni za mtindo wa kauboi: mwendo wa wastani, maneno kuhusu farasi, mbuga na maisha huru. Mojawapo, "I'm a Happy Cowboy", aliitunga mwenyewe. Aliimba pamoja na kundi la The Four Tones, wanaume wanne walioimba kwa sauti zinazopandana. Mmoja wao, Lucius Brooks, aliigiza pia kama Dusty, rafiki mchekeshaji wa Bob Blake.

Jazz inasikika zaidi katika namna ya kuimba kuliko katika nyimbo zenyewe. Kabla ya kipaza sauti, mwimbaji wa jukwaani alilazimika kupaza sauti ili asikike hadi viti vya nyuma. Kipaza sauti kiliwawezesha waimbaji kama Bing Crosby kuimba kwa sauti ya chini na ya upole, kana kwamba wanamwimbia mtu mmoja. Jeffries alikuwa wa shule hiyo. Anavuta neno, analichelewesha kidogo nyuma ya mdundo, kisha analiachia. Ni mbinu ya ukumbi wa dansi iliyohamishiwa juu ya tandiko la farasi.

## Tathmini

Ulimwengu wa filamu hizi ni wa pekee. Sherifu ni Mweusi, mwenye ranchi ni Mweusi, jambazi ni Mweusi na msichana anayeokolewa ni Mweusi. Hakuna Mzungu hata mmoja, kwa hiyo hakuna anayebaguliwa. Baadhi ya wahakiki huona jambo hilo kuwa ni kukwepa ukweli wa maisha. Wengine hujibu kwamba mtazamaji aliyekuwa akibaguliwa kutwa hakuhitaji kwenda sinema kukumbushwa. Alichokosa ni kumwona mtu wa rangi yake akiwa na mamlaka, mali na ujasiri bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Kuna mambo mengine yanayokosolewa:

* Vichekesho. Rafiki wa shujaa mara nyingi ni mwoga na mjinga, kama vile Dusty anayelaghaiwa kwamba amenunua nyumbu anayezungumza. Hiyo ni mizaha iliyorithiwa katika maonyesho ya jukwaani yaliyowadhihaki Weusi.
* Rangi ya ngozi. Shujaa na msichana wake huwa na ngozi nyeupe kidogo, na wachekeshaji huwa weusi zaidi. Kwa hiyo filamu zilizopinga ubaguzi mmoja zilibeba ubaguzi mwingine mdogo ndani yake.
* Umiliki. Watayarishaji na waongozaji walikuwa Wazungu, na sehemu kubwa ya faida haikuwafikia wasanii.
* Ubora. Kutokana na ufinyu wa fedha, filamu zilipigwa kwa haraka sana. Baadhi ya maonyesho yana makosa ya wazi ya uigizaji na sauti.

## Kutoka farasi hadi bendi ya Duke Ellington

Filamu za Bob Blake zilikoma pale Jeffries alipojiunga na bendi ya Duke Ellington, mwishoni mwa miaka ya 1930. Tarehe 28 Desemba 1940 alirekodi nayo wimbo wa "Flamingo", uliotungwa na Ted Grouya na Edmund Anderson na kupangwa kimuziki na Billy Strayhorn. Santuri hiyo ilipendwa sana na ndiyo iliyomtambulisha kwa wasikilizaji wa rangi zote. Inasemekana kwamba Strayhorn ndiye aliyemshauri ashushe sauti yake, na tangu hapo akajulikana kama mwimbaji wa baritoni, yaani sauti ya kiume iliyo kati ya teno na besi.

Mwaka 1941 alishiriki katika *Jump for Joy*, onyesho la muziki la Ellington lililofanyika katika ukumbi wa Mayan, Los Angeles, kwa karibu miezi mitatu. Onyesho hilo lilikataa waziwazi picha ya Mweusi mtumishi na mchekeshaji. Alikuwemo pia Dorothy Dandridge, ambaye baadaye alikuwa nyota wa filamu.

Baada ya kuondoka kwa Ellington, Jeffries aliimba katika kumbi za Los Angeles, akaishi Ufaransa kwa muda, na mwaka 1957 akacheza filamu ya *Calypso Joe*.

## Louis Jordan na mwisho wa kipindi

Mwanamuziki mwingine aliyeingia katika filamu za kauboi ni Louis Jordan, mwimbaji na mpiga saksafoni aliyekuwa miongoni mwa wanamuziki Weusi waliouza santuri nyingi zaidi katika miaka ya 1940. Katika *Look Out Sister* (1947) anacheza mwanamuziki aliyechoka anayelazwa ili apumzike, kisha anaota ndoto kwamba yuko ranchini akiwa kauboi mwenye bastola mbili. Tofauti na filamu za Jeffries, hapa muziki wa bendi ndio unaotawala, na ukauboi ni kisingizio cha kuuleta.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia filamu za Weusi peke yao zilipungua upesi. Hollywood ilianza kuwapa baadhi ya waigizaji Weusi nafasi bora, televisheni iliwavuta watazamaji nyumbani, na utengano wa kisheria ulianza kuvunjwa. Kufikia miaka ya 1950 soko hilo lilikuwa limekwisha.

## Urithi

Kwa kuwa hazikuhesabiwa kuwa na thamani, nakala nyingi za filamu za Weusi za kipindi hicho zilipotea au kuharibika. Mwaka 1983 shehena ya filamu za aina hiyo iligunduliwa katika ghala mjini Tyler, Texas, na sasa imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Southern Methodist, Dallas. Filamu tatu za Bob Blake zimesalia na bado zinaweza kutazamwa.

Jeffries aliishi hadi kuona kazi yake ikitambuliwa. Mwaka 1995, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, alitoa albamu ya nyimbo za kauboi iitwayo *The Bronze Buckaroo (Rides Again)*. Mwaka 2004 alipewa nyota katika njia ya heshima ya Hollywood. Alifariki tarehe 25 Mei 2014 huko Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 100.

Baadaye kauboi Mweusi alirudi katika filamu kubwa, kama vile *Buck and the Preacher* (1972) ya Sidney Poitier akiwa na mwimbaji Harry Belafonte, *Posse* (1993) ya Mario Van Peebles, na *The Harder They Fall* (2021) ya Jeymes Samuel. Katika muziki, Lil Nas X alitamba mwaka 2019 na "Old Town Road", na Beyoncé alitoa albamu ya *Cowboy Carter* mwaka 2024. Katika mijadala iliyozuka kuhusu kazi hizo mbili, baadhi ya watu waliuliza kama muziki wa kauboi ni wa Weusi pia.

## Orodha ya filamu

* *The Bull-Dogger* na *The Crimson Skull* (mwanzoni mwa miaka ya 1920, bubu) – Bill Pickett
* *Harlem on the Prairie* (1937) – Herb Jeffries
* *Two-Gun Man from Harlem* (1938) – Herb Jeffries
* *The Bronze Buckaroo* (1939) – Herb Jeffries
* *Harlem Rides the Range* (1939) – Herb Jeffries
* *Look Out Sister* (1947) – Louis Jordan

## Tazama pia

* Duke Ellington
* Jazz
* Oscar Micheaux
* Ubaguzi wa rangi
* Wamarekani Weusi